Alama Kumi na Nane za Chai ya Rael

Watu wa Kinoo, nje kidogo ya jiji la Nairobi, walikuwa wakisema kwamba Gerishon Mwaura hanywi soda, anaihoji. Hawakukosea sana. Ukimkuta dukani ana chupa mkononi, kwanza angeiinua kuelekea mwangani, macho ameyakunja, aone kama kuna kitu kinaelea. Kisha angeifungua polepole, sikio limeinama, asikilize gesi inavyotoka, maana alishikilia kwamba kuna gesi ya kweli na gesi ya kudanganya watoto. Halafu angenusa. Kufikia hapo mwenye duka angekuwa ameshahudumia wateja watatu na kurudisha chenji. Na alipoonja ndipo kioja kilipoanza. Alivuta kinywaji kwa kelele, fyuuu, akakizungusha shavu hili hadi lile, akatazama juu. Wageni walidhani mzee wa watu anaumwa na jino.

Kelele hizo hakuzianzia dukani. Kwa miaka ishirini na saba alifanya kazi katika nyumba ya madalali wa chai, ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Waliomwajiri walimwajiri kuchemsha maji. Alipima majani kwenye mizani ndogo, akayatia katika vikombe vyeupe vyenye vifuniko, akamimina maji ya moto, akangoja dakika sita, akamimina chai kwenye bakuli. Vikombe mia mbili kwa asubuhi moja, vimepangwa kwenye meza ndefu kando ya dirisha. Waonjaji wenyewe, watu wa tai, walipita na vijiko wakivuta na kutema ndani ya ndoo yenye magurudumu, na Gerishon akawafuata nyuma akiisukuma ile ndoo.

Lakini ulimi haujui cheo. Wakubwa walipokwenda kula chakula cha mchana, yeye alibaki na bakuli zake, akaonja moja baada ya nyingine, akalinganisha na walichoandika. Siku moja katika mwaka wa tisa, mmoja wa wakubwa alipatwa na homa kali ya mafua, pua imeziba kabisa, na mnada ulikuwa kesho yake. Kwa kukosa la kufanya wakampa Gerishon kijiko. Tangu siku hiyo hakuisukuma ndoo tena, ingawa mshahara, kama ilivyo kawaida ya mishahara, ulichukua muda kupata habari.

Somo moja la chumba kile lilimkaa kuliko yote. Chai kali, chai nzuri hasa, ikipoa hupiga ukungu. Bakuli lililokuwa jekundu na wazi likiwa moto, likipoa hugeuka rangi ya udongo, utadhani mtu ametia tone la maziwa. Asiyejua atasema imeharibika. Mjuzi hufurahi, kwa sababu chai dhaifu haipigi ukungu hata ukiipeleka kwenye baridi ya Limuru mwezi wa saba uiache nje. Mkubwa wake wa kwanza alipouona ukungu huo aligonga bakuli kwa kijiko, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na bei ikapanda. Gerishon aliuona ukungu kwa miaka ishirini na saba, na kila mara ulikuwa habari njema.

Ni katika jengo hilohilo alipompata rafiki yake Oduor. Oduor alikuwa fundi wa lifti. Siku moja lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, Gerishon yuko ndani na trei ya sampuli. Oduor akafungua kijimlango cha juu, akachungulia na tochi.

"Wewe wa ndani, uko sawa?"

"Mimi niko sawa. Chai ndiyo inapoa."

Oduor alicheka hadi spana ikamponyoka ikaangukia paa la lifti. Alipomtoa, saa nzima baadaye, Gerishon alimpa achague bakuli lolote kwenye trei. Oduor akaonja moja, akakunja uso, akauliza sukari iko wapi. Urafiki wao ulianza kwa ubishi na ukaendelea kwa ubishi.

Oduor aliishi Jamhuri, nyuma kidogo ya maduka ya Adams Arcade, na mkewe Rael na binti yao wa pekee, Valarie. Nyuma ya nyumba Rael alikuwa ameotesha mchaichai kwenye debe la rangi lililotobolewa. Aliuchemsha mchaichai huo hadi jikoni kukanuka kama shamba baada ya mvua, kisha akatia majani ya chai mkono mzima, akaacha yatokote bila huruma. Kila kanuni aliyofundishwa Gerishon ilivunjwa ndani ya sufuria ile. Jumapili ya kwanza alipoalikwa, alipokea kikombe na, kwa mazoea, akaanza kuvuta, fyuuu. Rael akasimama na birika mkononi akimwangalia.

"Shemeji, hapa si kazini. Hiyo kunywa tu."

Akanywa tu. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu anywe chai bila kuiuliza maswali, na alirudi Kinoo jioni hiyo akimsimulia mkewe Muthoni habari za kikombe kile hadi Muthoni akamwambia, kama chai ya wenyewe ni tamu hivyo, basi aoge na kulala hukohuko.

Gerishon alistaafu mwaka wa 2002, na ni kana kwamba kuna mtu alikuwa akimngojea, maana miaka hiyohiyo maduka yalianza kujaa chupa za kila namna. Zamani soda ilikuwa nyeusi, ya machungwa, ya malimau na ya tangawizi, hadithi ikaisha. Sasa zikaja soda za kujiita za asili, za ukwaju, za tufaha, za karakara, na chai iliyotiwa kwenye chupa inywewe na barafu, jambo ambalo Gerishon alilisikia mara ya kwanza akadhani ni mzaha. Kila kibandiko kilikuwa kinaapa kwamba ndani hakuna kemikali. Mtu aliyezoea kuonja vitu mia mbili kwa asubuhi hawezi kukaa nyumbani akitazama ng'ombe wa jirani, na chupa zile zilimwita.

Basi kila Jumamosi saa nne alishuka Adams Arcade na glasi mbili zilizofungwa kwenye gazeti, kwa sababu alisema plastiki inaonja kuliko mwonjaji. Oduor alimkuta pale kwenye ngazi ya saruji kando ya duka. Wakanunua chupa moja iliyo mpya kwao. Msichana wa dukani aliuliza kama wanavyouliza wote, "Moto ama baridi?" na Gerishon alijibu jibu lilelile, moto, yaani ile iliyokaa tu rafuni. Baridi inaua ulimi, alisema. Kinoo nzima walikunywa hivyohivyo. Wazee wa kule ukiwapa soda ya friji wanaishika kwa viganja viwili hadi ipoteze ubaridi, wakikuuliza kama unataka kuwatia nimonia.

Alama zilitolewa juu ya ishirini. Oduor aliwahi kuuliza kwa nini ishirini.

"Kumi ni ya watoto wa nasari," Gerishon alijibu. "Ya nyota na kikaragosi."

Oduor alipima kwa sukari. Kitu kikiwa kitamu alikipa kumi na tisa bila kupepesa macho.

"Hii ni maji ya kuoshea peremende," Gerishon alisema siku moja. "Nne."

"Nne? Baba Cate, uko na roho mbaya. Hii hata ukipatia mtoto anaacha kulia," Oduor alijibu, akimwita kwa jina la bintiye mkubwa.

"Ndiyo maana hawakuandika kwa chupa kwamba ni ya watu wazima."

Maneno hayo yalisikika hadi ndani ya duka, na polepole watu wakaanza kuuliza. Mwanamke anayenunua vinywaji vya sherehe ya ubatizo angesimama pale ngazini: mzee, ile ya chungwa umeipa ngapi? Kumi na moja, mama, lakini usiache juani. Wenye maduka walimwogopa kidogo. Hakuwahi kuzidisha alama kumi na sita, na hakuwahi kumpa mtu alama kwa kumwonea haya, hata yule mpwa wa Muthoni aliyejaribu kuuza soda ya karoti. Kwa ulimi wake alikuwa mtu mwaminifu, na hilo lilikuwa karibu mali yote aliyotoka nayo mjini.

Ukimuuliza leo ni miaka gani ilikuwa mizuri, hatataja ya kazini. Atataja Jumamosi zile. Jua la saa tano, vumbi la Ngong Road, glasi mbili, na Rael akija kutoka sokoni na kikapu, akisimama kidogo kuonja kwenye glasi ya mumewe na kusema, "Hii hata mimi naweza pika," kisha akienda zake.

Septemba ya 2004 Rael aliondoka. Ilikuwa presha, na haikuchukua wiki. Kwa miezi miwili Oduor hakuonekana pale ngazini. Aliporudi, alikaa mahali pake, akapokea glasi, akasema kumi na tisa, na Gerishon akasema saba. Hawakumtaja. Wanaume wa umri wao hawakufundishwa kumtaja mtu na chupa mkononi.

Sasa Valarie. Mwaka wa 2006 alikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika kampuni ya bima huko Upper Hill, kazi ya viti vya kuzunguka na kadi ya kuning'iniza shingoni. Oduor aliitaja kadi hiyo kila alipopata nafasi. Lakini msichana alikuwa ameonja zile chai za chupa zinazouzwa kantini ya ofisini, akakumbuka sufuria ya mama yake, na wazo likamwingia likakataa kutoka. Wikendi alikuwa jikoni. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alikuja Adams Arcade na mfuko wenye chupa tatu, baba yake nyuma yake amenuna.

"Uncle, nataka unipe marks," alisema. "Za ukweli. Usinionee huruma."

"Lini niliionea chupa huruma?"

"Hii ya chai ndiyo nataka. Ikipata fifteen kuenda juu, Monday napeleka barua ya kuacha kazi. Ikikosa, nitarudi ofisi ninyamaze. Nimemwambia Daddy, nitasikiza wewe peke yako."

Gerishon alimtazama Oduor.

"Mimi nimekubali," Oduor akasema. "Kazi ya watu iko pale, ina bima, ina kila kitu. Lakini nimesema, Baba Cate akisema ni nzuri, nitanyamaza."

Ya tangawizi ilipata kumi na nne. Ya ukwaju ilipata kumi na mbili, ladha yake imekonda katikati. Kisha akaichukua ya tatu. Ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu ya wino, herufi za mviringo: Chai ya Rael. Akaiinua mwangani. Chupa ilikuwa imelala ndani ya friji, na chini yake kulikuwa na wingu la rangi ya udongo.

"Hiyo kitu ya chini inanisumbua," Valarie alisema. "Inakuja nikiweka kwa fridge. Ni mbaya?"

Uso wa Gerishon ulikunjuka. "Hiyo ndiyo inaonyesha ni chai. Usiiogope hata kidogo."

Akamimina, akaishika glasi kwa viganja hadi ubaridi ukapungua, akavuta, fyuuu, na alichokutana nacho hakikuwa kinywaji. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya Jamhuri, debe la rangi, mwanamke na birika. Alipaswa kuizungusha mdomoni. Akaimeza. Kulikuwa na neno dogo ulimi wake ulitaka kusema, kwamba mwishoni kuna uchungu, kwamba chai iliyotokota namna ile ikipoa utamu hukimbia na ukali hubaki. Akaunyamazisha ulimi wake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Kumi na nane," alisema.

Oduor aligeuza uso akatazama barabarani. Jumatatu Valarie alipeleka barua.

Muthoni ndiye aliyemtafutia chumba cha kupikia, nyuma ya ploti ya dadake huko Kinoo, na wiki mbili za kwanza zilikuwa za sherehe. Maduka ya Kinoo yaliuza chai ile hadi yakaomba nyingine. Gerishon alitembea barabarani na mikono nyuma kama mwenyekiti wa kamati ya shule. Hakuna aliyejiuliza kwa nini inauzika Kinoo. Inauzika kwa sababu Kinoo wanakunywa ya moto, ya rafuni, na rafuni ukungu hauji; chai ya chupa si nzito kama ya bakuli la mwonjaji, huhitaji baridi ya friji ndipo ipige ukungu.

Mjini ni mambo mengine. Valarie alipata nafasi katika maduka tisa ya katikati ya jiji, na kantini ya ofisi yake ya zamani Upper Hill ikachukua kreti nne, kwa heshima ya mwenzao. Huko soda inakaa kwenye friji yenye mlango wa kioo, taa inaiangaza. Siku ya tatu chupa zote zilikuwa zimesimama pale zimekuwa rangi ya mto Nairobi. Watu walizitazama, wakachukua maji. Waliojikaza wakanunua waliionja baridi, ule uchungu wa mwishoni ukawashika koo, wakarudisha. "Imelala hii," waliambiana. Duka moja lilipiga simu, kisha la pili, kisha yote yakapiga siku moja: madam, njoo uchukue vitu vyako. Valarie alizipakia chupa mia sita na zaidi, zile za kantini mbele ya watu aliokuwa akikaa nao meza moja, na mmoja wao, kwa wema tu, akamwambia atamuulizia kama ile nafasi bado iko. Haikuwepo.

Jumamosi iliyofuata Gerishon alikaa kwenye ngazi na glasi mbili. Oduor hakuja. Hakuja na ya pili. Simu iliita ikakatika. Jumamosi ya tatu Gerishon alinunua soda mpya ya ndimu, akaifungua, akaonja, na alipotaka kutoa alama hakupata namba. Alikaa akiitafuta ile namba hadi gesi ikaisha kwenye glasi. Akamwaga iliyobaki, akarudi Kinoo.

"Bado hashiki simu?" Muthoni alimuuliza.

"Hashiki."

"Basi acha kupiga. Enda."

"Nitamwambia nini? Ukungu si kosa. Muulize mtu yeyote wa chai atakwambia. Ile ni chai ya daraja la kwanza, watu wa mjini ndio hawajui."

Muthoni alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Baba Cate, mimi niliionja ile chai. Ikiwa baridi ni chungu. Mimi ambaye sikusomea kuonja niliisikia, wewe ukakosa kuisikia? Ulimpa mtoto alama za matanga. Ulikuwa unamtolea rambirambi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gerishon neno kuhusu ulimi wake likamwingia hivyo. Alitaka kukasirika. Alikwenda nje akasimama kando ya tangi la maji, akangoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni aibu, na nyuma ya aibu, huzuni ambayo hakuwa ameipa nafasi tangu siku ile ya mazishi, aliposhughulika na hema na viti ili asilie.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda Jamhuri. Valarie ndiye aliyefungua mlango. Kreti zilikuwa zimepangwa sebuleni hadi dirishani, na Oduor amekaa katikati yao akisoma gazeti la juzi.

"Karibu, Uncle," Valarie alisema, kwa adabu iliyouma.

Gerishon hakukaa. "Nimekuja kusahihisha alama," alisema. "Ile chai haikuwa kumi na nane. Niliionja, nikasikia ni chungu, nikanyamaza. Na ukungu niliuona. Mimi najua vikombe. Chupa ya dukani siijui, na sikusema siijui. Uliiweka kazi yako mikononi mwangu ili nikupimie, na mimi sikupima."

Valarie alikuwa ameshika mlango wa jikoni. "Ilikuwa ngapi?"

"Tisa."

Ilimchoma, na alionyesha kwamba imemchoma. "Tisa, Uncle. Ungesema tisa, saa hii ningekuwa kwa desk yangu."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu nilimsikia mama yako ndani. Nilikuwa sijamsikia kwa mwaka na nusu. Nilimkosa, Valarie. Ningeipa hata ishirini."

Oduor alikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena.

"Mimi pia nilijua ni chungu," akasema hatimaye. "Nilikunywa hapa nyumbani kabla hatujakuja kwako. Nilijua, nikasema, acha Baba Cate aseme. Sikuacha kushika simu kwa sababu yako peke yako."

Valarie aliwatazama wazee hao wawili, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa wazi kwamba angependa kuwafukuza wote wawili nyumbani. Badala yake akauliza, "Inaweza kutengenezwa?"

"Inaweza," Gerishon akasema. "Lakini kwenye kazi yetu ni dhambi."

Alirudi Jumamosi na majani mepesi zaidi na ndoo mpya yenye kifuniko. Mtu aliyeishi kwa maji ya moto miaka ishirini na saba alimimina majani ya chai ndani ya maji baridi. Waliyaloweka tangu saa mbili asubuhi, mchaichai ukiwa umekatwa vipande pamoja nayo, bila moto, bila haraka. Oduor hakuwa amealikwa jikoni, lakini alikuja akakaa kwenye kiti kidogo na kuanza kukosoa. Alisema chai isiyochemshwa ni maji yaliyopakwa rangi. Gerishon akamwambia fundi wa lifti ashuke taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kubishana tangu mwezi wa tatu, na wote wawili walilisikia hilo wakainamisha vichwa.

Saa kumi walichuja, wakatia sukari na ndimu, wakaweka chupa mbili katika sehemu ya barafu ya friji. Walipozitoa baada ya saa moja zilikuwa nyekundu na wazi kabisa, ukiweka kidole nyuma unakiona. Valarie alimimina kwenye glasi tatu. Gerishon, mtu wa soda ya moto, alikunywa baridi vilevile ilivyo, maana ndivyo mjini watakavyoinywa. Akavuta, akazungusha, akatazama juu. Safari hii aliuacha ulimi useme.

Valarie alikuwa ameshaonja. "Ni nzuri," alisema polepole. "Ni safi. Lakini Mama hayuko."

"Hayuko," Gerishon akakubali.

"Marks?"

"Kumi na nne. Na kumi na nne itauzika."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaichukua ile chupa ya chai mpya, akaigeuza upande wa kibandiko cha Chai ya Rael, akaanza kukibandua kwa ukucha, kidogo kidogo ili kisichanike. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kilipotoka kizima alikibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe, akakipapasa kwa kiganja kikashika. Chai aliyouza mjini miaka iliyofuata, ambayo wengi wetu tuliinywa tukiwa na haraka zetu, ilikuwa na jina jingine, na hakuna mnunuzi aliyelalamika.

Oduor alikuwa hajagusa glasi yake. Aliinuka akaenda sebuleni, akarudi na chupa mbili za zile zilizorudishwa, za rangi ya udongo, akazifungua akazimimina ndani ya sufuria na kuwasha jiko.

"Tazama itakavyofanya ikishika moto," Gerishon alimwambia Valarie, sauti yake imeshuka.

Wote watatu wakainamia sufuria. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ukungu ukaanza kuondoka, pembeni kwanza, ukakimbilia katikati, ukapungua, hadi wakaona chini ya sufuria, na chai ikawa nyekundu kama ilivyokuwa kila Jumapili katika nyumba ile. Harufu ikapanda ikajaa jikoni. Valarie aliweka mkono mdomoni. Gerishon alilia, na hakujificha.

Oduor alimimina vikombe vitatu, akaketi na chake, akapuliza, akanywa. Akanywa tena.

"Huyu mama yako hupenda kuzidisha sukari," alimwambia Valarie, na hakuna aliyemsahihisha.